Anwani ya Kitabu na Wito Wake kwa Msomaji: Mifano kutoka Voi na Nchi ya Taita

Utangulizi

Waswahili husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya vitabu, na inapotiwa katika mizani ya vitabu huonekana kupungua. Kitabu chema hakijiuzi. Yaliyomo yamefungwa baina ya majalada mawili, na msomaji aliyesimama mbele ya rafu hana njia ya kuyaonja kabla ya kulifungua jalada. Jambo la kwanza analokutana nalo ni maneno mawili matatu yaliyochapwa juu, na aghalabu maneno hayo ndiyo yanayoamua kama mkono utanyooshwa au utapita.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi anwani ya kitabu inavyofanya kazi hiyo, kwa nini anwani fulani hukaa katika kumbukumbu za watu hata wasiokisoma kitabu chenyewe, na nini huamua kama wito wake utamfikia msomaji huyu au yule. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Voi na nchi ya Taita na Taveta kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu hiyo, kuanzia nyika za Tsavo hadi kilele cha Vuria na kushuka mpaka Taveta, imezaa vitabu ambavyo anwani zake zimesikika mbali sana na Kenya. Pili, karibu vitabu hivyo vyote vilipewa majina na wageni, kwa lugha ya Kiingereza. Kwa hiyo mifano hiyo inadhihirisha vizuri swali ambalo wahakiki hulipita upesi: anayekipa kitabu jina, humwita nani?

Anwani katika mapokeo ya Kiswahili

Katika zama za miswada, anwani haikuwa na kazi ya kuuza. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, ukapitishwa nyumba hadi nyumba, na watu waliousikia ndio waliouita kwa jina waliloona linafaa. Utendi wa Mwana Kupona unafahamika kwa jina la mama aliyeutunga kwa ajili ya binti yake. Utenzi mkongwe wa mwaka 1728 unaitwa na wengine Utendi wa Tambuka, kwa jina la mahali pa vita, na wengine huuita Chuo cha Herekali, kwa jina la mfalme wa Rumi aliyepiganiwa. Kazi ni ile ile moja; jina limebadilika kulingana na jambo ambalo msikilizaji alilishika.

Mashine ya kuchapa ilibadili hali hiyo. Mnunuzi wa kitabu kilichochapwa ni mtu asiyejulikana na mtunzi, yuko mbali, na hana jirani wa kumwambia kwamba utenzi huu ni mzuri. Sharti jina limwambie. Ndipo mwandishi akalazimika kutangulia kufanya kazi iliyokuwa ya hadhira. James Mbotela, katika kitabu chake cha mwaka 1934, aliweka maneno mawili yanayopingana, Uhuru wa Watumwa, na msomaji akajua papo hapo kwamba kuna safari kutoka hali moja hadi nyingine. Shaaban Robert, mwaka 1951, alikichukua kitenzi cha kawaida akakifanya jina la nchi: Kusadikika. Msomaji hujiuliza kama nchi hiyo ipo au inasadikika tu kuwa ipo, na swali hilo ndilo mlango wa hadithi.

Kutokana na mifano hii yaweza kusemwa kwamba anwani ina kazi tatu. Ya kwanza ni kutambulisha, yaani kukitenga kitabu hiki na vingine. Ya pili ni kudokeza, yaani kutoa sehemu ya habari na kuificha sehemu nyingine. Ya tatu ni kuita, yaani kumfanya msomaji ajione kwamba habari hiyo inamhusu. Anwani nyingi hutimiza kazi ya kwanza na kuishia hapo. Zile zinazokumbukwa hutimiza zote tatu.

Simba wa Tsavo na nguvu ya jina la mahali

Anwani mashuhuri kupita zote zilizotoka katika nchi hiyo ni ya J. H. Patterson, The Man-Eaters of Tsavo, yaani Walawatu wa Tsavo, iliyochapwa London mwaka 1907. Patterson alikuwa mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo, kaskazini-magharibi ya Voi, mwaka 1898. Simba wawili waliwashambulia wafanyakazi wa reli kwa miezi kadhaa hata kazi ikasimama, na Patterson akawaua wote wawili mwezi Desemba mwaka huo.

Inafaa kutazama anwani hiyo imejengwaje. Neno la kwanza linatisha, lakini halimtaji simba. Linataja tendo lake tu, na mnyama mwenyewe anaachwa gizani, kama alivyokuwa kambini. Neno la mwisho ni jina la mahali ambalo msomaji wa London hakuwahi kulisikia, na ugeni wa sauti yake unaongeza hofu. Anwani kamili ilikuwa na nyongeza inayotaja visa vingine vya Afrika Mashariki, na kwa kweli simba hao wanauawa kabla kitabu hakijafika nusu. Hata hivyo nyongeza imesahauliwa na watu wengi. Maneno machache yaliyokaza yameumeza ukurasa mzima.

Nguvu ya jina hilo ilidumu. Ngozi na mafuvu ya simba hao viliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field Museum mjini Chicago. Philip Caputo aliandika Ghosts of Tsavo mwaka 2002, na Bruce Patterson, mtaalamu wa wanyama wa jumba hilo, akaandika The Lions of Tsavo mwaka 2004. Waandishi hawa hawakuhitaji tena kueleza Tsavo ni wapi. Jina lenyewe lilikwisha kuwa tangazo.

Lakini anwani yenye nguvu huwa pia na deni. Patterson alitaja katika kitabu chake vibarua 28 wa Kihindi waliouawa, pamoja na Waafrika ambao idadi yao haikuandikwa. Baadaye akadai kwamba waliouawa walifika 135. Uchunguzi wa kitaalamu wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35. Hesabu yo yote itakayokubaliwa, anwani imewapa umaarufu waliokula, na walioliwa wamebaki bila jina. Hili si kosa la sarufi wala la ufundi. Ni matokeo ya uamuzi wa nani awe kiini cha jina la kitabu.

Simba alirudi tena katika anwani mwaka 2001, Edward Paice alipoandika maisha ya Ewart Grogan, mlowezi aliyekuwa na mashamba makubwa ya mkonge huko Taveta, na kukiita kitabu Lost Lion of Empire, yaani Simba wa Dola Aliyepotea. Kwa msomaji wa Uingereza, anwani hiyo inanukia ushujaa na huzuni ya zama zilizopita. Kwa msomaji wa Taveta, ambako suala la mashamba makubwa na watu wasio na ardhi limezungumzwa kwa miaka mingi, neno "simba" laweza kuleta maana nyingine kabisa. Maneno ni yale yale. Masikio ni mawili.

Tembo: kitabu kimoja, anwani mbili

Mbuga ya Tsavo ilitengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na makao ya upande wa mashariki yakawekwa Voi chini ya David Sheldrick. Mkewe, Daphne Sheldrick, aliandika vitabu kadhaa, na anwani za kwanza zilikuwa wazi: The Orphans of Tsavo, yaani Yatima wa Tsavo, mwaka 1966, na The Tsavo Story, yaani Habari za Tsavo, mwaka 1973. Ya kwanza ina mvuto kuliko ya pili, na sababu yake ni rahisi. Neno "yatima" kwa kawaida hutumiwa kwa binadamu. Likihamishiwa kwa mnyama, huamsha huruma kabla ukurasa haujafunguliwa. "Habari za Tsavo" hutambulisha tu.

Kitabu chake cha mwaka 2012 kinatoa funzo la pekee. Kilichapwa Uingereza kwa anwani An African Love Story, na chini yake maneno Love, Life and Elephants. Huko Marekani kilichapwa mwaka huo huo kwa maneno hayo hayo yaliyopinduliwa: mapenzi, maisha na tembo yakawekwa juu, na hadithi ya mapenzi ya Kiafrika ikashushwa chini. Kilichobadilika ni wito tu. Toleo moja linamwita msomaji kwa mapenzi kwanza, jingine linampa orodha inayoishia kwa tembo. Hali hii haina tofauti kubwa na ile ya Tambuka na Herekali, isipokuwa kwamba hapa waliopindua ni wachapishaji, nao wamefanya hivyo kwa hesabu ya soko.

Katika anwani zote hizo, mkulima wa vijiji vilivyo kandokando ya Voi hayumo. Kwake yeye tembo ni mnyama anayevunja boma usiku na kumaliza shamba la mahindi. Anwani yenye mapenzi na tembo pamoja yaweza kumshangaza, hata ikamfanya atake kusoma ili ajue mapenzi hayo yalikuwaje. Lakini haikuandikwa ikimfikiria yeye.

Peter Beard alikwenda njia nyingine. Kitabu chake cha picha cha mwaka 1965 kinaitwa The End of the Game, na toleo la mwaka 1977 likaongezewa picha za mizoga ya maelfu ya tembo waliokufa kwa ukame Tsavo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Neno la mwisho la anwani, katika Kiingereza, lina maana ya mchezo na pia maana ya wanyama wa kuwindwa. Mchezo umekwisha na wanyama wamekwisha, yote kwa neno moja. Kiswahili hakina neno moja linalobeba mizigo hiyo miwili. Mfasiri angelazimika kuchagua "Mwisho wa Mchezo" au "Mwisho wa Mawindo", na kila chaguo lingepoteza nusu. Anwani inayosimama juu ya sadfa ya lugha moja haivuki mpaka ikiwa nzima.

Vita vya Taveta na kurudi kwa jina

Mwezi Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta, na mapigano makali yakafuata katika kilima cha Salaita mwezi Februari 1916 na huko Latema na Reata mwezi Machi. Reli ilijengwa kutoka Voi kuelekea Maktau na mbele kwa ajili ya vita hivyo. William Boyd alitunga riwaya juu ya vita vya Afrika Mashariki na kuiita An Ice-Cream War, Vita vya Aiskrimu, mwaka 1982. Jina linatokana na fikira ya askari mmoja kwamba vita haviwezi kuendelea, kwa kuwa joto la nchi litawayeyusha wote kama aiskrimu. Vita viliendelea hadi Novemba 1918. Mvuto wa anwani hiyo ni mgongano baina ya kitu kitamu cha watoto na mauaji, na anayeimaliza riwaya huona kwamba kicheko cha mwanzo kimegeuka kuwa shutuma.

Mfano wenye uzito zaidi kwa makala haya ni wa mwanahistoria Geoffrey Hodges. Utafiti wake juu ya wapagazi wa vita hivyo ulichapwa Marekani mwaka 1986 kwa anwani The Carrier Corps, yaani jina rasmi la kikosi kama lilivyoandikwa katika majalada ya serikali. Mwaka 1999 ulichapwa tena na University of Nairobi Press, na safari hii neno la kwanza juu ya jalada lilikuwa Kariakor.

Badiliko hilo ni dogo kwa herufi na kubwa kwa maana. Maneno mawili ya Kiingereza yalipita katika vinywa vya maelfu ya watu waliobeba risasi na unga, yakatoka yakiwa neno la Kiafrika, na neno hilo likabaki katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Anayepita sokoni humo kila siku hulitamka bila kujua kwamba anataja jeshi la wapagazi. Akilikuta juu ya jalada, hushtuka. Hugundua kwamba neno lililo kinywani mwake lina habari asiyoijua. Hapo ndipo ilipo siri ya anwani inayoita: humwambia msomaji kwamba sehemu ya jambo hili tayari anayo, na iliyobaki imo ndani.

Neno la wenyeji wenyewe

Yuko pia mgeni aliyeokota anwani yake kutoka kwa Wataita. Grace Harris, mwanaanthropolojia, alifanya utafiti milimani Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kuhusu dini ya Wataita kilichapwa na Cambridge University Press mwaka 1978 kwa jina Casting Out Anger, yaani Kuitoa Hasira. Anwani hiyo inaeleza tendo la kutasa: mtu hupiga funda la pombe au maji ya miwa, huyapuliza nje kwa mdomo, na kutamka maneno ya heri, ili hasira iliyo moyoni imtoke na isiwadhuru wengine.

Vitabu vya taaluma aghalabu huitwa kwa majina makavu. Kitabu hiki kingeweza kuitwa "Dini ya Wataita" na kikakaa rafuni kikisubiri wanafunzi wa mtihani. Badala yake mtungaji alilishika tendo moja lililokusanya imani nzima. Hakuna mtu asiyeijua hasira, na kila mwenye hasira angependa kujua inatolewaje. Wito huo unamfikia Mtaita na asiye Mtaita kwa usawa. Ni ushahidi kwamba jambo la mahali padogo, likitajwa kwa uhakika wake, halihitaji simba ili lisikike mbali.

Methali, kitendawili na anwani za Kiswahili

Katika fasihi ya Kiswahili, hazina kubwa ya anwani ni usemi ambao hadhira inaujua tangu utotoni. Anayetega kitendawili hasemi jibu, na anayetaja methali mara nyingi huishia nusu ili msikilizaji amalizie. Waandishi wengi wameitumia desturi hiyo.

Penina Muhando aliiita tamthilia yake ya mwaka 1984 Lina Ubani. Anayeijua methali "la kuvunda halina ubani" husikia mara moja kwamba imegeuzwa. Wahenga walisema kilichooza hakina dawa. Anwani inawajibu kwamba dawa ipo. Msomaji hushawishika kutafuta ni uvundo gani na ni ubani gani, kwa kuwa maneno mawili tu yamewapinga wazee. Ken Walibora aliiita riwaya yake ya mwaka 2012 Kidagaa Kimemwozea. Hapa fumbo limo ndani ya kiambishi kimoja. Kiambishi "mw" kinamtaja mtu, lakini hakisemi ni nani. Riwaya nzima ni jibu la swali lililoulizwa na kiambishi, na hakuna namna ya kulitafsiri fumbo hilo kwa Kiingereza bila kuongeza maneno. Shafi Adam Shafi aliita riwaya yake ya mwaka 1999 Vuta n'kuvute, na mwendo wa maneno hayo unaigiza mvutano wenyewe; filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ilichukua jina hilo hilo. Katama Mkangi, katika riwaya ya mwaka 1995, aliziunganisha sauti tatu zikawa jina moja, Walenisi. Anayelitamka polepole hugundua kwamba ametamka "wale ni sisi", na amekwisha kukiri kabla ya kusoma.

Tafsiri nazo zinaonyesha ugumu wa kuhamisha wito. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ilipofasiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973 ilipewa jina Shujaa Okonkwo. Anwani asilia ilitokana na shairi la Kiingereza ambalo msomaji wa Kiswahili hakulazimika kulijua, na kwa hiyo mfasiri akamtanguliza mtu. Alichopata ni uwazi. Alichopoteza ni ile hisia ya ulimwengu unaosambaratika. Julius Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema "mfanyabiashara"; aliposema "mabepari" alikuwa ameshatoa hukumu, tena kwa wingi. Kufasiri anwani, basi, ni kuhakiki kitabu kwa maneno matatu.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanatosha kuweka vipimo vitatu ambavyo mwandishi, mchapishaji na mwalimu wanaweza kuvitumia. Kipimo cha kwanza ni cha sikio: anwani itamkwe kwa sauti mara moja, kisha aulizwe aliyeisikia kama ameikumbuka. Cha pili ni cha fumbo: anwani iache swali moja, wala si maswali kumi, kwa kuwa msomaji aliyechanganyikiwa hupita. Cha tatu ni cha uaminifu: kitabu kilipe kilichoahidiwa na jalada, maana msomaji aliyelaghaiwa na anwani moja huwa mgumu kwa anwani zote zinazofuata.

Kwa nchi ya Taita na Taveta kuna kipimo cha nne. Mwanafunzi wa Voi anayetafuta jina la kwao katika rafu za vitabu atalikuta, lakini atalikuta pamoja na simba, tembo na vita vya watu wengine. Mfano wa Kariakor na ule wa kutasa unaonyesha kwamba neno la wenyeji linaweza kusimama juu ya jalada na kuwaita walio karibu na walio mbali. Vibarua wa daraja, wapagazi wa Salaita, wakata mkonge wa Taveta na wakesha mashamba wa kandokando ya Voi wana maneno yao, misemo yao na vitendawili vyao. Anwani zimo humo tayari. Vitabu vyenyewe ndivyo vinavyongoja kuandikwa.